Misumari ya Mzee Nduwayo

Karakana ya ushonaji pale Kasulo ilifungwa mwezi wa tatu, wiki ileile shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Karakana inayoishi kwa kushona sare za shule ina kazi gani wanafunzi wakiwa nyumbani? Mafundi kumi na tisa walifunika cherehani zao kwa mashuka, wakaagana kwa mbali pasipo kupeana mikono, wakaenda kupalilia maharage. Ufunguo ulibaki kwa Adelfina.

Adelfina alikuwa mfagizi na mtunza jengo, mama wa miaka hamsini kasoro mmoja, mwembamba, mwepesi wa miguu, asiyependa maneno mengi. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la kahawa, refu, la matofali ya kuchoma, kando ya barabara iendayo Rusumo. Yeye alikuwa amelifagia kwa miaka kumi na moja.

Katikati ya mwezi wa sita ikatangazwa kwamba shule zitafunguliwa mwisho wa mwezi. Kesho yake asubuhi, Jumatano, simu ya Adelfina ikalia. Alikuwa Clarisse, mwenyekiti wa kikundi cha mafundi.

"Adelfina, walimu wakuu watatu wamenipigia kabla sijamaliza uji wangu," Clarisse alisema. "Watoto wamerefuka miezi hii mitatu mpaka suruali zimegeuka kaptula. Tunafungua Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Lakini Bwana Afya atakagua kwanza Jumamosi, na asiporidhika sifungui. Sitaki mtu aje kushona arudi nyumbani na ugonjwa. Mimi nakimbizana na vitambaa huku Ngara mjini, kwa hiyo wewe ndiye utakayepanga. Wewe ndiye unayelijua jengo."

Simu ikakatika. Adelfina akabaki amesimama shambani, jembe mkono mmoja, simu mkono mwingine. Wewe ndiye unayelijua jengo. Alilirudia neno lile kimoyomoyo mara mbili, kisha akaenda kunawa miguu.

Alipofungua mlango, harufu ya panya na vumbi ilimpokea kizingitini. Panya walikuwa wamezaa ndani ya boksi la vipande vya kaki, na walikuwa wametandika vizuri kuliko watu wengi wanavyotandika. Buibui walikuwa wameunganisha cherehani kwa cherehani. Akaenda nyuma kufungua bomba. Likakohoa, likatema upepo, halafu yakatoka maji ya rangi ya chai ya mkandaa, yenye harufu ya dimbwi. Tangi kubwa la plastiki juu ya mnara lilikuwa limekaa na maji yaleyale tangu mwezi wa tatu.

Papo hapo akampigia Bwana Afya. Huyu alikuwa afisa afya wa kata, kijana mrefu aitwaye Renatus, mwenye faili lisilomtoka kwapani hata akipanda pikipiki.

"Shikamoo mama. Hayo maji usiyaguse kwa kunywa wala kwa kunawia," Renatus alisema. "Mwaga yote. Sugua tangi ndani, jaza maji mapya, tia klorini kwa kipimo nitakachokuletea. Kisha fungua bomba moja moja, kuanzia lililo karibu na tangi mpaka la mwisho kabisa. Usifunge mpaka usikie harufu ya dawa. Maji yaliyolala bombani nayo ni hatari, si tangi peke yake."

Basi Adelfina akaita mafundi wanne wa jirani, na mmoja wao, Kezia, binti mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti, akajitolea kuingia tangini. Mpaka jioni walimsikia akiimba mapambio humo ndani, sauti ikivuma kama ya kwaya nzima, huku brashi ikipiga kiitikio. Maji mapya yalipojaa na dawa aliyoleta Renatus ikatiwa, Adelfina aliyazungukia mabomba yote saba. Katika la saba, lile la msalani, alichuchumaa muda mrefu pua karibu na maji. Ghafla harufu kali ya klorini ikamchoma. Akacheka peke yake.

"Imefika!" akapaza sauti. "Kezia, imefika!"

Alhamisi asubuhi Renatus akapita kuleta maelekezo mengine. Aliyasifu maji. Alizisifu ndoo zenye koki na sabuni zilizopangwa mlangoni. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, akalowesha kidole, akakiinua juu.

"Mama, hewa ya humu haitembei."

"Madirisha yamepigiliwa mbao, Bwana Afya. Tangu miaka minane iliyopita."

"Yote?"

"Yote sita."

Renatus akafungua faili, akaandika, akafunga. "Ukumbi usiopitisha hewa siwezi kuruhusu wakae zaidi ya watu watano. Yakifunguliwa haya sita na mlango ukabaki wazi, tutazungumza mengine. Ugonjwa huu unapenda mahali hewa imelala. Nitarudi kesho mchana nione mmefikia wapi."

Watu watano, na mafundi ni kumi na tisa. Adelfina akaenda kuazima mtaimbo. Aliporudi, mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya dirisha la kwanza, nyundo mapajani.

Alikuwa Mzee Nduwayo, mkata vitambaa wa karakana. Mzee wa miaka sitini na saba, mpole, mkono wake haukuwahi kukosea mkato. Kila suruali iliyotoka pale ilikuwa imepita kwanza kwenye mkasi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimesikia misumari yangu itang'olewa."

"Ni agizo la Bwana Afya. Bila hewa hatufungui."

"Basi tusifungue," alisema Mzee Nduwayo, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Misumari hii niliipigilia mimi. Haing'oki."

Adelfina alimjua kwa miaka kumi na moja na hakuwahi kumsikia akikataa kitu. Akaegemeza mtaimbo ukutani, akaketi kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwake, akashusha barakoa iliyokuwa inamchoma masikio. Nje lori lilipita likielekea mpakani, vioo vya taa vikatetemeka.

"Mama," mzee akasema mwishowe, "unayakumbuka yale majora manne ya kitambaa cha bluu?"

"Nayakumbuka."

"Yaliibwa usiku, kupitia dirishani. Yakaja kupatikana Lusahunga, kwa mtu ambaye sijawahi hata kumwona kwa sura. Lakini kabla ya kupatikana zilipita siku tisa. Siku tisa watu wanapita nyumbani kwangu, wananisalimia huku wanachungulia chini ya kitanda changu. Nilivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, nikiwa kijana, ndiyo kwanza naota ndevu. Hapa nimeoa, hapa nimezika mke. Lakini siku zile tisa nilikuwa mtu aliyefika jana." Akaigeuza nyundo. "Yalipopatikana hakuna aliyesema neno. Walianza tu kunisalimia kama zamani. Ndipo nikanunua misumari."

Adelfina akamgeukia. Kulikuwa na jambo alilolibeba miaka yote minane, na mara nyingi akifagia mbele ya madirisha yale alilipita upesi, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

"Mzee, asubuhi ile waliniuliza mimi nani alitoka wa mwisho. Nikasema ni wewe."

"Ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli. Lakini nilikuona ukifunga. Nilikuwa nje namwaga maji machafu. Ulifunga makomeo yote sita, ukayatikisa moja moja. Hilo sikulisema. Niliogopa watasema tumekula njama. Nikanyamaza, na ukimya wangu ndio uliowapa watu la kusema. Nisamehe."

Adelfina akatazama sakafu, akangoja lolote ambalo lingekuja.

"Yote sita?" mzee akauliza polepole.

"Yote sita. La mwisho lilikusumbua. Uliligonga kwa kiganja, ukaipuliza mikono."

"Nikaipuliza mikono..." Mzee akakitazama kiganja chake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Adelfina akadhani analia, kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwapo. "Mana yanje, Mungu wangu! Mama, mimi mwenyewe sikuwa na hakika! Miaka minane najiuliza, labda komeo moja nililisahau. Labda walikuwa na haki ya kunitazama vile. Nikipigilia ile misumari nilikuwa najipigilia mimi, nisisahau tena. Kumbe niliyafunga!"

"Uliyafunga, mzee."

"Kumbe kuna mtu aliniona!"

Akainuka kama kijana. "Lete huo mtaimbo. Mimi ndiye niliyeipigilia, mimi ndiye nitakayeing'oa. Ila utaweka wavu wa chuma na nondo. Sitaki kuanza tena."

"Fundi wa kuchomelea anakuja kesho," alisema Adelfina, ingawa ukweli ni kwamba fundi alikuwa hajaambiwa bado. Alitoka nje mara moja kumpigia.

Ijumaa mchana madirisha matatu yalikuwa wazi. Kila msumari ulitoka kwa mlio wa mbuzi anayevutwa kwenda sokoni, na kila ubao ulipoanguka mwanga uliingia ukaonyesha uchafu mpya, Kezia akaushambulia kwa ufagio. Renatus alikuwa amefika, anatazama, anaridhika. Mzee Nduwayo akahamia dirisha la nne.

"Lori hilo linapanda mlima tangu saa ngapi?" akauliza. "Nalisikia linavuma, halifiki."

Adelfina akasikiliza. Barabara ilikuwa tupu. "Mzee, ngoja..."

Lakini msumari wa mwisho ulikuwa umeshatoka. Kati ya mbao za ndani na vibao vya nje palikuwa na uwazi wa shubiri moja, na ndani ya uwazi ule, katika miezi mitatu ya ukimya, nyuki walikuwa wamejenga mji. Ubao ulianguka na kipande cha sega kikining'inia, na wenye mji wakatoka kuuliza nani amebisha hodi.

Sharti la kukaa mbalimbali lilikuwa gumu kuliko masharti yote ya ugonjwa ule. Watu walihimizwa redioni, walihimizwa kanisani, bado walisongamana. Siku ile lilitimizwa bila kuhimizwa. Kezia alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Mzee Nduwayo alipita mlangoni na nyundo mkononi, akisali Kirundi. Renatus alionekana ng'ambo ya mtaro, ndani ya shamba la mihogo, faili kichwani kama kofia. Adelfina alitoka wa mwisho, kwa sababu alirudi kufunga mlango wa stoo ya vitambaa.

Walipojihesabu, mzee alikuwa ameumwa sikio la kushoto, tayari limekuwa kama andazi. Renatus alikuwa ameumwa mara mbili, mahali ambapo hakutaka kupataja.

"Ninayo pampu ya dawa ofisini," alisema Renatus akihema. "Tunapuliza leo, kesho wamekufa wote."

"Hapana," alisema Adelfina.

Wote wakamgeukia. Hata yeye alijishangaa, lakini alikuwa ameshaanza.

"Sumu hiyo itakaa kwenye mbao, kwenye sakafu, kwenye vitambaa. Jumatatu watu watakuja kuivuta. Tumehangaika siku tatu ili hewa ya humu iwe safi, halafu tuitie sumu kwa mikono yetu? Na hao nyuki wana kosa gani? Walikuta nyumba haina watu."

Renatus akapapasa palipomuuma. "Mama amesema kweli," akakubali. "Lakini nani atawatoa?"

Adelfina alikuwa na namba ya Ng'washi, mfugaji nyuki wa Nyamigogo huko Biharamulo, mama wa Kisukuma ambaye humuuzia asali kila anapokwenda mnadani Lusahunga. Akampigia. Ng'washi aliuliza maswali matatu tu: wakali kiasi gani, sega ni jeupe au jeusi, na je, kuna mtu amewapulizia chochote. Alipoambiwa hapana, akasema, "Basi ni wangu. Nakuja."

Alifika jua linaelekea kutua, juu ya bodaboda, mzinga mtupu umefungwa nyuma yake kwa mpira. Aliteremka taratibu, mama mnene mwenye tabasamu, akavaa kofia ya wavu na glavu, akawasha kopo lake la moshi. Akawatazama wale waliojipanga ng'ambo ya barabara na barakoa zao.

"Ninyi barakoa mmeanza mwaka huu," alisema. "Mimi nimeanza kuvaa nikiwa na miaka tisa!"

Akaingia. Kupitia dirisha la pili Adelfina alimwona akifanya kazi bila haraka, akipuliza moshi kidogo, akisema nao kwa Kisukuma kama mtu anayehamisha wagonjwa. Alikata sega moja moja, akalifunga kwenye vijiti vya mzinga. Kisha akatafuta, akatafuta, mpaka akainua kiganja kilichokunjwa.

"Huyu hapa malkia!"

Alipomwingiza mzingani, wale wengine walianza kumfuata, kwanza wawili watatu, halafu kama maharage yanayomwagwa kutoka gunia. Mzee Nduwayo alisogea karibu kuliko ilivyofaa, sikio lake limeshikwa mkononi, akatazama mpaka wa mwisho alipoingia.

"Wanajua wanakwenda nyumbani," alisema.

Kiza kilipoingia Ng'washi aliufunika mzinga kwa kanga na kuondoka nao. Aliacha bakuli la asali iliyokuwa kwenye sega lililovunjika. Renatus alilamba kidole, akakumbuka hakunawa, akaenda kwenye ndoo kunawa, akarudi kulamba kingine.

Jumamosi asubuhi fundi wa kuchomelea alikuwa amefunga nondo na wavu madirisha matano, anamalizia la sita. Mzee Nduwayo alikuwa amepiga magoti sakafuni na futikamba na chaki ya kushonea, anachora mahali pa kila cherehani. Alikuwa ameambiwa mita moja, akaweka mita moja na nusu, na mistari ilinyooka kana kwamba angekuja kuikata.

Renatus alikagua yote. Alionja hewa kwa kidole, akacheka maana kidole kilipoa upande mmoja. Alihesabu: ndani cherehani kumi na nne, nne zingine barazani. Kisha akasita, akamvuta Adelfina pembeni.

"Kuna jambo moja, mama. Wazee wa zaidi ya sitini ugonjwa huu unawaonea. Ningeshauri mzee akae nyumbani kwanza. Mwezi, miezi miwili."

Adelfina alimtazama Mzee Nduwayo, magoti yamejaa chaki. Akajua kwamba akirudishwa nyumbani leo, kwa sababu yoyote ile, hata iwe nzuri namna gani, atasikia jambo jingine.

"Njoo nikuonyeshe kitu, Bwana Afya."

Alimpeleka ncha ya baraza, upande wa mashariki. "Hapa upepo unatoka bondeni, vumbi la barabara halifiki. Jua la asubuhi linaingia mpaka saa nne, baadaye ni kivuli kutwa. Hata ikinyesha mvua ya kiangazi, hapa hapalowi, paa limezidi hatua tatu. Hakuna anayelazimika kupita hapa kwenda popote. Meza yake ya kukatia inaenea, nimepima. Vitambaa vitawekwa pale kwenye benchi, fundi akija kuchukua anachukua, hawagusani. Yuko peke yake na yuko na wenzake."

Renatus alizunguka pale mara mbili. Alisimama alipotakiwa kusimama fundi, akasimama alipotakiwa kusimama mzee.

"Barakoa wakati wote akizungumza na mtu," alisema mwishowe. "Akihisi homa, hata kidogo, ananipigia mimi kabla hajampigia padri."

"Atakupigia."

Akaandika. Safari hii alitia na mhuri.

Meza ile ilihitaji watu sita kuibeba, nao sita walibishana namna ya kuipitisha mlangoni mpaka Mzee Nduwayo alipowaambia waigeuze ubavu, jambo alilokuwa amelisema tangu mwanzo.

Jumatatu ilikuwa na baridi kama zilivyo asubuhi za mwezi wa sita. Mafundi walifika wakanawa, wakajifunga barakoa walizojishonea kwa vipande, za maua, za mistari, moja ya kitambaa cha pazia. Walipoingia wakaanza kulalamika.

"Adelfina, funga dirisha moja basi, tunaganda!"

"Vaeni masweta," alisema Adelfina, akaendelea kujaza ndoo.

Clarisse alifika na gari dogo lililojaa kaki na bluu, akazunguka ukumbi mzima. Alipotoka alimshika Adelfina kiwiko, kisha akakumbuka, akamwachia, akampungia mkono hatua moja mbali kwa furaha kama anayeaga meli. Wote wawili wakacheka.

Ndipo likajitokeza jambo ambalo si Bwana Afya wala mtu mwingine aliyelifikiria. Mafundi wale walikuwa na umbeya wa miezi mitatu, na umbeya kwa desturi husemwa sikioni. Mita moja na nusu haina sikio. Kwa hiyo walipaza. Cherehani zikianza kuvuma wakapaza zaidi. Kufikia saa tano, kila aliyepita barabarani alijua kwamba Kezia ameposwa na dereva wa lori, na dereva mmoja aliyekuwa amesimama kununua ndizi akauliza kwa sauti kama ni yeye.

"Si wewe!" Kezia alimjibu kupitia nondo za dirisha la nne. "Wangu ni mfupi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Barazani, Mzee Nduwayo alikuwa ametandaza kaki safu nane, ameilainisha kwa viganja, ameshika mkasi. Sikio lilikuwa bado limevimba kidogo. Alimwona Adelfina anapita na ndoo.

"Mama," alimwita, "walimu wa Kasulo wanataka suruali ngapi?"

"Mia mbili na kumi, mzee."

"Basi niletee na jora la pili," alisema, akaanza kukata.